Vitambaa Viwili vya Kitenge

Busia kila mtu ni kocha. Mabinti zangu walipoitwa kwenye mchujo wa mwisho wa timu ya taifa ya raga, ile ya wasichana walio chini ya miaka kumi na minane, wasukuma mikokoteni na wabadilisha pesa wa mpakani walianza kubishana juu ya nafasi zao kana kwamba wao ndio watakaochagua. Mimi huuza samaki wakavu upande wa Uganda, dagaa wa Majanji ambao sisi tunawaita mukene na wateja wangu wa ng'ambo wanawaita omena. Meza yangu iko karibu na geti, kwa hiyo mabishano yote yalipitia kwangu, nitake nisitake.

"Nalongo, huyo mdogo ashaingia," aliniambia kijana mmoja wa upande wa Kenya, mbadilisha pesa ambaye huegemea nguzo ya meza yangu mchana kutwa. "Huyo ni noma. Lakini huyo mkubwa, aki, huyo tumwombee tu."

"Jiombee wewe upate mke," nikamjibu, "na uachie hiyo nguzo kabla haijaanguka."

Nalongo ni jina wanalopewa wanawake waliozaa mapacha, nami nimeitwa hivyo tangu siku ile, hata wale walionijua zamani wamesahau jina langu la kwanza. Sijalalamika. Ni jina la heshima, na mimi heshima naipenda. Mabinti zangu wamefanana mpaka walimu wao huwachanganya. Mkubwa, aliyemtangulia mwenzake kwa muda mfupi tu, ana kovu dogo chini ya kidevu. Mtu asiyejua pa kutazama hawezi kuwatofautisha, isipokuwa akiwaona uwanjani.

Maana uwanjani, yule kijana wa nguzo alikuwa amesema kweli, na ndiyo maana nilimkaripia. Mdogo ana mbio ambazo sijui alizitoa wapi. Akishika mpira pembeni, wasichana wenzake hubaki wakitazama mgongo wake. Mkubwa hana mbio. Yeye kazi yake ni kukaba: anamfuata mwenye mpira, anamkumbatia mapajani na kumwangusha, kisha anainuka na kwenda kumtafuta mwingine. Watu hawashangilii kazi ya namna hiyo. Mimi mwenyewe, nikikaa kando ya uwanja, macho yangu yalizoea kumfuata mdogo.

Walianza raga shuleni, Tororo, baada ya mwalimu mmoja kuja na mpira wa ajabu wenye umbo la papai. Nasema papai kwa sababu likizo ya kwanza, wakiwa Merikit kwa bibi yao, hawakuwa na mpira, wakawa wanarushiana mapapai mabichi uani. Bibi aliposhangaa mbona matunda yake yanapukutika kabla ya kuiva, aliwakuta wamelala chini wote wawili, mmoja amemkumbatia mwenzake miguu, papai limepasuka katikati. Aliniita kwa simu akaniuliza shule tunayolipia inafundisha nini.

Lakini alikuja kuipenda raga, huyo mama mkwe wangu. Aliipenda kwa sababu waliicheza wote wawili. Angesikia kwamba mmoja tu ndiye aliyechukuliwa na mwingine akaachwa, angeamka alfajiri akaenda kumtafuta mwalimu.

Hapa lazima nieleze, kwa sababu bila hili hakuna atakayeelewa kilichotupata. Kwa Wajopadhola, watu wa mume wangu, na kwetu Wasamia pia, mapacha hupewa sawa. Ukimnunulia mmoja gauni, mwingine naye apate gauni, siku hiyohiyo. Ukimchapa mmoja, mguse na mwingine kwa fimbo japo hajakosa. Mmoja akiugua, dawa wanakunywa wote. Nimewahi kubishana na muuguzi kliniki mpaka foleni nzima ikageuka kutusikiliza, maana alikataa kumdunga sindano mtoto mzima. Mwishowe alichukua bomba lisilo na sindano, akalibonyeza begani kwa mdogo, na mdogo akalia kwa sauti kuliko mgonjwa. Tulirudi nyumbani kwa amani. Ukiwabagua mapacha, yule aliyenyimwa huugua, au aliyependelewa haponi. Hivyo ndivyo nilivyolelewa na sikuwahi kutafuta sababu ya kujaribu vingine.

Basi siku chache kabla ya mchujo, mabinti walikuwa Merikit, maana ni karibu na Tororo, ambako mchujo ungefanyika, kuliko kwangu Busia. Mdogo alikuwa akikimbia kando ya shamba la mihogo, mahali ambapo baba yake alikuwa amevuna, akaingiza mguu kwenye shimo. Kifundo kikavimba. Bibi hakusubiri mtu. Alichuma majani anayoyajua, akayaponda, akayapaka, akachana kipande cha kitenge chake kikuukuu cha rangi ya machungwa na kuufunga mguu. Kisha akamkalisha mkubwa kwenye kigoda hichohicho, akampaka majani yaleyale na kumfunga kipande cha pili, mguu uleule, fundo lilelile. Akawaambia kama alivyowaambia siku zote tangu utotoni: aliyefungwa kwanza ndiye atakayefunguliwa kwanza. Mwenzake asitangulie, kama anataka ndugu yake apone.

Mimi sikuwa na habari. Waliniambia kwa simu kwamba mdogo ameumia kidogo na bibi ameshughulikia. Nilijua bibi akishughulikia hushughulikia kweli, nikaendelea kupanga samaki wangu. Siku ya mchujo nilifunga meza asubuhi na mapema, nikavaa gomesi langu la harusini, nikaenda Tororo.

Uwanja wenyewe uko chini ya ule mlima wa jiwe, na upepo ukivuma kutoka upande wa kiwanda vumbi la saruji hukaa hadi kwenye nyusi. Wasichana walikuwa wametoka kila pembe ya nchi. Wale wa Kampala walikuwa na viatu vinavyong'aa na chupa za maji zenye mirija. Nikawatafuta wa kwangu kati ya waliokuwa wakipasha misuli, sikuwaona. Niliwakuta pembeni, wameketi nyasini bega kwa bega, miguu imenyooshwa mbele, na juu ya soksi zao fupi kila mmoja amefungwa kitambaa cha rangi ya machungwa.

"Mbona mmekaa?" nikauliza.

"Kocha amesema tukae," mkubwa akajibu. "Amesema sisi wote wagonjwa."

Nikaelewa palepale. Kocha alikuwa ametoka Kampala, mtu mrefu mwenye filimbi shingoni na haraka nyingi. Alikuwa amewaona wasichana hawa mara mbili tu, kwenye mechi za shule. Mbele yake wamesimama wasichana wawili wa sura moja, vifundo viwili vimefungwa kwa namna moja. Mashindano yako karibu. Angefikiri nini kingine? Lakini wakati ule sikuwa na nafasi ya kumwelewa mtu. Nilimwendea na gomesi langu, mabega yamesimama.

"Wewe kocha, mtoto wangu mmoja ni mzima. Unamkalisha kwa nini?"

"Mama, mimi naona miguu mbili zote imefungwa," akasema. Kiswahili chake kilikuwa kile cha Kampala, cha kuokota barabarani, lakini adabu alikuwa nayo. "Mimi natafuta mtu ya kukimbia. Mtu mgonjwa siwezi kupeleka."

Nikamweleza. Nilimweleza habari za mapacha kuanzia gauni hadi sindano, kwa sauti ambayo nadhani walinisikia mpaka stesheni ya reli. Wasaidizi wake wawili walicheka. Yeye hakucheka. Alinisikiliza hadi mwisho huku akitazama saa yake, kisha akatembea hadi pale walipoketi mabinti.

"Sawa," akasema. "Yule mzima afungue kitambaa, aingie. Sasa hivi. Nani mzima?"

Wakasimama wote wawili.

Niliuona moyo wa mdogo pale. Mama huona. Mwakani wote wawili watakuwa wamepita umri wa timu ile. Nafasi ilikuwa ni hii, nyingine haipo. Na Busia nzima ilikuwa imeshamwambia kwamba ni yake. Kocha alikuwa amesikia sifa za pacha mwenye mbio, ila hakujua ni nani kati yao. Angeingia, akaze meno, akimbie mara moja tu, hata kwa nusu ya mwendo wake, pengine wangemchukua kwa sifa na mguu ungepona baadaye. Na mkubwa asingesema neno. Nilimjua. Angekaa nyasini na kitambaa chake kwenye mguu mzima mpaka jua lizame, na hata nyumbani asingemlaumu ndugu yake.

"Nalongo," kocha akanigeukia, na safari hii aliniita kwa cheo changu. "Wewe mama yao. Wewe unajua. Nani mzima?"

Mimi si mtu wa kukosa jibu. Waulize askari wa forodha, waulize madalali wa Majanji. Lakini pale nilifungua mdomo, hakuna kilichotoka. Kovu lile chini ya kidevu nililiona kama limewashiwa taa. Kumwonyesha mzima kulikuwa sawa na kumkalisha mwingine kwa mkono wangu mwenyewe, mimi ambaye tangu nilipowazaa sijawahi kumpa mmoja kitu nikamwacha mwenzake mikono mitupu. Nilisimama na vumbi la saruji mdomoni.

Wasichana wengine walikuwa wamekwisha kupangwa katika makundi. Mtu akapiga filimbi upande wa pili.

Mdogo ndiye aliyekaa chini. Alikaa polepole, akavuta mguu wake mapajani, akaanza kufungua fundo la bibi yake. Ni fundo gumu, bibi hufunga kama anafunga ng'ombe. Alitumia meno. Hakuna aliyemsaidia. Kitambaa kilipotoka aliivuta na soksi chini, na kila mtu akakiona kifundo: kimevimba, cheusi pembeni, majani yamekauka juu yake. Hakumtazama kocha wala mimi. Alimtazama mwenzake.

"Haya, nimefungua," akamwambia. "Fungua na wewe. Nenda ukakabe."

Mkubwa aliinama, akalichokoa fundo lake kwa kucha mpaka likaachia, machozi yakimtiririka. Akavikunja vitambaa vyote viwili, akavitia mikononi mwangu, akakimbia kuingia uwanjani akiwa bado na kijani cha majani kwenye soksi.

Sitasema alicheza kama malaika. Pasi ya kwanza ilimponyoka ikaenda nje, nami nikasikia wasaidizi wa kocha wakiguna. Ya pili aliishika. Kisha msichana mmoja wa Kampala, mpana kama mlango wa ghala, akauchukua mpira akaja nao katikati, na wale waliokuwa mbele yake wakapisha njia. Binti yangu hakupisha. Alishuka chini, akamshika mapajani, na wakaanguka wote kwa kishindo ambacho nilikisikia kifuani mwangu. Akainuka kwanza. Akamkaba mwingine. Mpira ukaenda kushoto, akawa kushoto. Ukarudi kulia, nikamkuta yuko kulia. Nilikuwa nimemtazama mtoto huyu miaka yote bila kumwona. Siku hiyo sikuwa na wa kumtazama mwingine, nikagundua kwamba kila mahali palipoharibika, alikuwa ameshafika.

Pembeni yangu mdogo alikuwa amepiga magoti, mguu mbovu umenyooshwa kando, akimpigia kelele mwenzake kwa Kidhopadhola, lugha ya baba yao: panda, rudi, kulia kwako, kulia. Sauti ilimkauka. Nilitamani kumkumbatia lakini angenisukuma, alikuwa na kazi.

Jioni kocha aliwakusanya akaita majina ya waliochaguliwa. Jina la mkubwa lilikuja karibu na mwisho, nilipokuwa nimeshaanza kuandaa maneno ya kumfariji. Wasichana wakapiga makofi kwa adabu. Mdogo alipiga kigelegele peke yake, kile cha bibi yake wa Merikit, kinachoanzia tumboni. Mimi nilijivuna. Nasema wazi, kwa sababu kuna watu wanaodhani majivuno ni dhambi kila wakati. Nilimjivunia yule aliyechaguliwa, na nilimjivunia zaidi yule aliyekuwa akipiga kigelegele huku mguu wake umevimba kama muhogo, na sikutaka kuwalinganisha lakini nililinganisha.

Nilimpigia simu mama mkwe nikiwa bado uwanjani. Nikamwambia mmoja ameingia, mmoja amebaki, na nikajiandaa kukaripiwa.

"Nani alifungua kwanza?" akauliza.

"Mdogo. Yule mgonjwa. Kwa meno yake mwenyewe, mama."

"Ah," akasema. "Basi wamepewa sawa." Na akakata simu, maana salio kwake ni kitu cha kutunza.

Niliyafikiria maneno hayo njia nzima hadi Busia na sikuyakubali. Wamepewa sawa vipi? Mmoja anakwenda kuvaa jezi ya nchi, mwingine anarudi kunisaidia kuchambua mukene. Mdogo mwenyewe hakulalamika, ila siku mbili tatu zilizofuata alikuwa mkimya, akifanya kila kitu haraka kuliko kilivyohitaji. Usiku nilimsikia akigeuka kitandani. Kitanda cha mwenzake kilikuwa kitupu, ameshakwenda kambini. Asubuhi aliniomba kile kitambaa chake, akaufunga mguu upya, nami nikampa bila kuuliza cha pili kiko wapi. Nilidhani bado ninacho. Nilipokitafuta kwenye mkoba wangu, sikukiona.

Mashindano yalikuwa Kenya. Kwa hiyo basi la timu lilipaswa kupita kwetu, kwenye geti letu, mbele ya meza yangu. Siku hiyo sikuuza kitu. Watu wote waliobishana juu ya nafasi za mabinti zangu walikuwepo, na yule kijana wa nguzo aliniletea kiti bila kuambiwa.

"Nalongo, si nilisema?" akaanza.

"Ulisema tumwombee."

"Si ndiyo hiyo? Niliomba."

Basi likasimama nyuma ya foleni ya malori, na wasichana wakashuka ili wagongewe mihuri. Walikuwa wamevaa suti za michezo zinazofanana, rangi za bendera, nywele zimesukwa kwa mtindo mmoja, na kwa mara ya kwanza maishani mwangu ilinibidi nimtafute mwanangu. Yeye ndiye aliyetuona. Akatoka kwenye mstari, akavuka barabara katikati ya malori, akaja akaketi kwenye benchi langu kando ya mwenzake. Hawakukumbatiana. Alipandisha tu mguu wa suruali yake.

Kitambaa cha rangi ya machungwa kilikuwa pale, kwenye kifundo kizima, juu ya soksi ya taifa. Mdogo akanyoosha wa kwake. Ilikuwa miguu miwili kandokando, kama walivyokaa nyasini kule Tororo, kama walivyokaa kwenye kigoda cha bibi.

"Kinabaki mpaka chako kitoke," mkubwa akamwambia.

Mdogo ndipo alipolia. Hakuwa amelia tangu ile siku, na sasa alilia kwa sauti mbele ya wateja wangu, na mwenzake akamshika kichwa. Mimi nilijifanya nafukuza nzi kwenye samaki.

Kocha alikuja kumchukua. Filimbi shingoni, haraka yake ileile. Alitazama mguu wa kwanza, akatazama wa pili, na nikajua linalokuja. Nikasimama, tayari kwa vita. Lakini hakuuliza nani mzima. Alichuchumaa mbele ya mkubwa, akalijaribu fundo kwa kidole, akaona limelegea.

"Hii itatoka kwa uwanja," akasema. Akamgeukia mdogo. "Wewe ndiyo unajua kufunga. Funga yeye vizuri."

Mdogo akajipangusa pua kwa mkono. Akainama, akalikaza fundo la mwenzake bila kulifungua, kwa namna ya bibi, akivuta kwa nguvu mpaka mkubwa akakunja uso. Kisha akampiga kofi dogo kwenye kifundo na kumwambia aondoke, basi lisije likamwacha.